Bungu na Milima ya Usambara: Nani Analipia Ukungu?

Anayesoma habari za Milima ya Usambara hukutana mara nyingi na majina mawili, Lushoto na Amani. Lushoto ina baridi iliyowavutia Wajerumani wakajenga mji na kuuita Wilhelmstal. Amani ina bustani ya mimea na kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1902. Bungu, tarafa ya Wilaya ya Korogwe iliyokaa kwenye mabega ya kusini-mashariki ya Usambara Magharibi, hutajwa kwa nadra. Umaarufu wa watalii haujaifikia. Ina chai, migomba, maharage, miwa, iliki, vipande vya msitu, na ukungu unaoshuka hadi kwenye paa za nyumba.

Ndiyo maana Bungu ni kipimo kizuri. Hifadhi yenye mipaka iliyochorwa ina askari, bajeti na wafadhili wake. Lakini sehemu kubwa ya Usambara ina sura ya Bungu: shamba, kisha kijito, kisha msitu mdogo, kisha shamba tena. Hoja ya makala haya ni kwamba uhai wa milima hii utaamuliwa katika ardhi hiyo ya katikati. Hautadumu ikiwa gharama ya kuutunza itabebwa na mkulima wa mlimani peke yake, ilhali faida yake inateremka na maji kuwafikia watu wa chini.

Kwa nini kuna uhai mwingi hivi

Usambara ni kiungo kimoja cha Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo unaoanzia Taita nchini Kenya, ukapita Pare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru na Uluguru hadi Udzungwa na Mahenge. Haikutokana na volkano kama Kilimanjaro, mlima ambao umri wake haujafika miaka milioni tatu. Miamba ya Usambara ina mamia ya mamilioni ya miaka, na kuta zake kali zinazoonekana kutoka Mombo na Mazinde, chini ya milima, ni kingo za nyufa za ardhi zilizoinyanyua milima hiyo juu ya nyika.

Umri peke yake usingetosha. Milima hii iko karibu na Bahari ya Hindi, na pepo zinazotoka baharini zikiwa zimebeba unyevu hukutana na ukuta huo wa kwanza, zikapanda, zikapoa na kuachia maji. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mombo, iliyo nyuma ya milima, hupata sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, ndiyo maana msafiri anaweza kutoka penye mkonge na miiba hadi penye ukungu na mikangaga kwa mwendo wa saa chache. Hata siku isiyo na mvua, majani ya miti mirefu huunasa ukungu na kuudondosha matone chini.

Bahari hiyo haikuacha kuleta unyevu hata katika zama za ukame, misitu ya bara ilipopungua sana. Kwa hiyo msitu wa Tao la Mashariki uliendelea kuwepo kwa mamilioni ya miaka, na viumbe waliobaki juu ya kila mlima wakatengwa na wenzao kwa nyika kavu. Waliotengwa hubadilika. Kinyonga wa pembe mbili wa Usambara Magharibi na yule wa Usambara Mashariki waliwahi kuhesabiwa kuwa aina moja. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 uliwatenganisha. Kati yao kuna Bonde la Lwengera, lenye joto na uwazi ambao kinyonga wa msituni hawezi kuuvuka.

Wapo pia vyura wadogo wa jenasi ya Nectophrynoides ambao hawatagi mayai majini. Mayai hukua ndani ya mama, na watoto huzaliwa wakiwa vyura kamili, bila kupitia hatua ya kiluwiluwi. Wameachana na kidimbwi, lakini hawajaachana na unyevu: wanauhitaji msitu wenye majani yaliyooza na yenye maji chini yake. Wapo ndege kama yule mdogo mwenye mdomo mrefu aliyepewa jina la Moreau, mtafiti aliyeishi Amani enzi za Waingereza. Ipo miti kama mkulo, ambao jina lake la kisayansi, Ocotea usambarensis, limeibeba Usambara hadi katika maktaba za dunia.

Ua linaloeleza vizuri uhusiano wa milima hii na dunia ni dughulushi. Mtaalamu akilitafuta, hatazami uwandani. Huinama kwenye mwamba wenye kuvumwani, upande usiopigwa na jua, karibu na kijito. Hapo ndipo hujishika, majani yake manene yenye vinyweleo yakiwa yamelala juu ya jiwe, udongo wake ukiwa haba. Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, aliichukua mimea hiyo na kuipeleka Ulaya. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliipa jina la Saintpaulia. Leo vizazi vyake vinauzwa kwenye vyungu kote Ulaya na Marekani, na biashara hiyo haijalipa ada yoyote kwa jiwe lililoilea. Kule nyumbani, mti wa juu ukikatwa, mwamba hukauka na dughulushi hufa kabla hata ya shamba kufika pale.

Jinsi msitu ulivyokatwakatwa

Kabla ya ukoloni, Wasambaa hawakuishi mlimani kwa kutegemea mlima peke yake. Watu wa Shambaai, nchi yao ya milimani, walilima juu na wengine wakawa na mashamba pembezoni mwa nyika, ili mvua ikikosekana upande mmoja, upande wa pili uokoe. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeandika juu ya ufalme wa Wasambaa chini ya ukoo wa Wakilindi, uliokuwa na makao yake Vugha, ameeleza jinsi utawala wenyewe ulivyopimwa kwa mvua: mfalme mwenye nguvu alitarajiwa kuiponya nchi, na nchi ikiharibika lawama ilimrudia. Mazingira yalikuwa siasa kabla ya kuwa na wizara.

Wakoloni walikuja na hesabu nyingine. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Mlimani, makampuni ya Kijerumani yalifyeka misitu ya Usambara Mashariki ili kupanda kahawa, yakiamini kwamba ardhi inayobeba miti mirefu namna ile lazima iwe na rutuba nyingi. Kahawa ilikatisha tamaa. Udongo ulikuwa wa tindikali na maskini. Utajiri wote ulikuwa kwenye majani yanayoanguka na kuoza, na majani yalikwenda na miti. Somo hilo lina zaidi ya miaka mia moja na bado halijaeleweka vya kutosha: mlima wa kijani si lazima uwe mlima wenye rutuba.

Baadaye ikaja chai. Katika pande za Bungu mashamba ya Dindira na Ambangulu yalichukua miteremko yenye ukungu zaidi, kwa sababu mchai unapenda hewa ileile inayopendwa na msitu. Shamba la chai lina sura mbili. Linafyeka, na kiwanda chake kinahitaji kuni za kukaushia majani, ndiyo maana mikaratusi imezagaa milimani. Lakini shamba kubwa pia linaweza kubakiza msitu kwenye makorongo na vilele ambako chai haifai. Vipande vya msitu vya Ambangulu vimekuwa miongoni mwa maeneo ambako wanasayansi wanawafuatilia ndege wa Usambara. Msitu wa Mazumbai, upande wa Bumbuli, uliokolewa na mwenye shamba la chai, wa familia ya Kiswisi ya Tanner, aliyeukabidhi kwa chuo kikuu mwaka 1968. Leo uko chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Baada ya Uhuru serikali nayo ilishika shoka. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, uvunaji wa magogo kwa mashine huko Usambara Mashariki ulipata msaada wa Finland. Wanasayansi walipolalamika, uvunaji huo ulisimamishwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, na Finland hiyohiyo ikageuka mfadhili wa mradi wa kuhifadhi. Juu ya hayo kuna mhesi, mti ulioletwa na wataalamu wa misitu wakati wa ukoloni. Mbegu zake husambazwa na hondohondo wanaokula matunda yake, na popote msitu ulipofunguliwa na magogo, mhesi huingia na kuchukua nafasi ya miti ya asili.

Ukizikusanya hesabu zote hizi, Tao la Mashariki limepoteza zaidi ya theluthi mbili ya misitu yake ya asili. Kilichobaki ni vipande, na kipande kidogo cha msitu hakibebi viumbe walewale wa msitu mkubwa kwa uwiano tu. William Newmark, aliyeanza kuwachunguza ndege wa Usambara mwaka 1987, ameonyesha kwamba ndege wanaoishi karibu na sakafu ya msitu hawapendi kuvuka hata uwazi mwembamba, na kwamba kadiri kipande kilivyo kidogo na cha mbali, ndivyo kinavyopoteza aina zake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliolinganisha ndege wa sasa na wale waliohesabiwa takriban miaka 40 kabla, uligundua kwamba aina nyingi zimepanda juu zaidi kwa sababu ya joto. Mlima una mwisho. Ndege wa Bungu akifika kileleni, hana ngazi nyingine ya kupanda, na kufika kilele cha pili kunamtaka avuke mashamba ya watu.

Iliki chini ya miti

Maelezo yaliyozoeleka husema kwamba wananchi ni wengi, ni maskini na wanakata miti. Sehemu ya maelezo hayo ni kweli: miteremko inalimwa hadi mahali ambapo jembe linashindwa kusimama, na udongo unaonekana kwenye rangi ya vijito baada ya mvua za masika. Lakini yanaficha jinsi uharibifu unavyotokea.

Chukua shamba la iliki. Mkulima haanzi kwa kufyeka kila kitu, maana iliki inataka kivuli. Anaacha miti mikubwa, anasafisha vichaka na miche iliyo chini, kisha anapanda. Ukilitazama kutoka ng'ambo ya korongo, unaona msitu. Ukiingia ndani, unaona mashina ya miti mirefu na majani marefu ya iliki yakifika kifuani, na huoni mche hata mmoja wa miti ya asili kama mtambara au msambu. Ni kama mji wa wazee watupu usio na mtoto: kila mti unaoanguka hauna mrithi. Iliki ikishavunwa, hukaushwa kwa moto, na kuni hutoka palepale. Baada ya miaka kadhaa mavuno hupungua, na mkulima huweka migomba, mihogo au mahindi, mazao yasiyohitaji tena kivuli cha miti ile.

Mkulima huyo hakosi akili. Iliki ni nyepesi, haiozi haraka, na inaweza kubebwa kichwani au kwa bodaboda hadi sokoni wakati barabara imegeuka tope. Barabara ya Soni–Bumbuli–Dindira–Korogwe inapokuwa mbaya, mwenye nyanya na kabichi huona mzigo wake ukioza, na mwenye iliki hulala usingizi. Barabara na soko vinaamua hatima ya msitu kwa kiasi kilekile ambacho sheria inaamua.

Mfano wa pili ni chai ya wakulima wadogo. Kiwanda cha Mponde kilipofungwa mwaka 2013 katikati ya mgogoro wa umiliki, na kikakaa miaka bila kusindika, maelfu ya wakulima wa Bumbuli na Korogwe walibaki na zao ambalo likishachumwa halingoji kesho. Mchai ni mmea wa kudumu unaoushika udongo wa mteremko mwaka mzima. Mahindi na maharage huuacha wazi kila msimu. Kiwanda kikifungwa, msitu haukatwi siku hiyo, lakini sababu ya mkulima kubaki na zao linalolinda mteremko imeondoka.

Yaliyojaribiwa

Njia ya kwanza ni amri. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza waliwalazimisha Wasambaa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Kitaalamu matuta yalikuwa na maana. Kisiasa yalikuwa kazi ngumu isiyo na malipo, yakichukua ardhi na nguvu za watu waliokuwa na vishamba vidogo. Watu waligoma, mpango ukaachwa kabla ya Uhuru, na kwa muda mrefu hata ushauri mzuri wa kilimo ulinuka ukoloni. Tangu mwaka 1981 mradi wa SECAP wa Lushoto, uliosaidiwa na Ujerumani, ulirudi na lengo lilelile kwa njia nyingine: majani ya malisho kwenye kontua, ng'ombe wa ndani, miti ya shambani. Palipokuwa na faida ya haraka, kama majani yanayolisha ng'ombe wa maziwa, watu waliendelea. Pasipokuwepo, waliacha.

Njia ya pili ni mipaka. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilianzishwa mwaka 1997, zikafuata Nilo na Magamba, na leo zinasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mipaka imesaidia, bila hiyo misitu mikubwa iliyobaki ingekuwa imeingiliwa zaidi. Lakini ilipofika zamu ya kuunganisha misitu kwa ushoroba wa Derema huko Usambara Mashariki, bei ilionekana. Wakulima wa iliki walilazimika kuondoka, wakalipwa fidia, na malalamiko kuhusu kiasi cha fidia na mahali pa kuhamia yaliendelea kwa miaka. Derema ilifundisha kwamba ushoroba unaweza kununuliwa mara moja au mbili. Hauwezi kununuliwa kati ya kila vipande viwili vya msitu kutoka Bungu hadi Mtae.

Njia ya tatu ni mkataba na wenyeji. Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi, kuunda kamati na kutunga sheria ndogo. Kwa watu wa Handeni na Korogwe wazo hilo si geni. Wazigua wa Handeni walikuwa na mamia ya misitu midogo ya matambiko na makaburi, ambayo haikuguswa kwa sababu kila mtu alijua ni ya nani na kwa nini. Tofauti ni kwamba mzimu haukudai kikao wala posho, ilhali kamati ya mazingira ya kijiji hupewa kazi ya ulinzi bila mapato. Msitu wa kijiji mlimani mara nyingi ni mdogo, uko kwenye chanzo cha maji, na haufai kuvunwa. Kamati inabaki na uadui wa majirani na daftari tupu la fedha.

Nani ananufaika

Hapa ndipo hesabu ya maji inapoingia. Mito ya pande zote mbili za Bonde la Lwengera humwagika Lwengera, na Lwengera huingia Mto Pangani karibu na Korogwe. Pangani hubeba pia maji ya Kilimanjaro na Meru, kwa hiyo si haki kudai kwamba mto wote ni wa Usambara. Lakini mchango wa milima hii huingia karibu na watumiaji wakubwa wa chini: mitambo ya umeme ya Hale, yenye uwezo wa megawati 21, na ya New Pangani Falls, yenye megawati 68, pamoja na mashamba ya umwagiliaji. Hata Handeni, wilaya inayojulikana kwa ukame, huletewa maji ya Pangani kutoka upande wa Korogwe kwa bomba la mradi wa HTM. Mtu wa Handeni anayefungua bomba na mkulima wa Bungu anayeacha mita kadhaa za ukingo wa kijito bila kulima wameunganishwa na uchumi mmoja, ingawa hakuna hati inayowataja pamoja.

Utaratibu wa kulipia maji upo. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991, hutoza ada kwa wanaotumia maji ya mto. Kinachokosekana ni sehemu ya ada hiyo kupanda mlima na kufika kwenye kamati ya kijiji kwa jina na kwa hesabu. Upande wa Usambara Mashariki kuna dalili ya jinsi jambo hili linavyowezekana. Jiji la Tanga linakunywa maji ya Mto Zigi, na mamlaka yake ya maji, Tanga UWASA, imeshirikiana na UWAMAKIZI, umoja wa wakulima wa mabonde ya Kihuhwi na Zigi, katika kulinda vyanzo. Mwaka 2024 mamlaka hiyo ilitoa hatifungani ya kijani ya Shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya kupanua huduma ya maji, na wawekezaji wakaichangamkia. Kama soko la mitaji la Dar es Salaam linakubali kuweka fedha kwenye bomba la Tanga, linaweza kuelezwa pia kwamba bomba hilo huanzia kwenye msitu.

Yapo mapingamizi ya kweli. Malipo ya mlimani yanaweza kuishia mikononi mwa wachache. Yanaweza kumlipa mwenye ardhi kubwa na kumwacha anayekodi. Na si kila tone linaloongezeka mtoni linaweza kuthibitishwa kuwa limetoka kwenye mti fulani. Majibu yake yasiwe marefu: malipo yafuate kitu kinachoonekana, yaani ukingo wa mto usiolimwa, chai au kahawa yenye miti iliyodumishwa, mkulima wa iliki anayeacha miche ikue kati ya mistari yake, yasomwe hadharani kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na yaende pamoja na barabara inayopitika na viwanda vinavyonunua. Msambu, mti wa msituni wenye mbegu za mafuta ambazo wanakijiji wa Amani wamekuwa wakiziokota na kuziuza, umeonyesha kwamba mti uliosimama unaweza kuingiza fedha. Umeonyesha pia kwamba mnunuzi mmoja anayesuasua anatosha kuvunja moyo wa kijiji kizima.

Serikali, wafadhili na watafiti wametumia zaidi ya karne moja kuuchora ramani msitu wa Usambara. Kazi inayobaki ni kuichora ramani ya deni: kila ofisi inayochukua maji, umeme au jina la milima hii itaje inamlipa nani juu. Bajeti ijayo ya Bonde la Pangani inaweza kuanza na kifungu kimoja cha fedha kwa vijiji vya vyanzo, na tarafa ya Bungu, isiyo na hifadhi kubwa wala mfadhili mkubwa, ingefaa kuwa ya kwanza kwenye orodha hiyo. Utaratibu ukishika mizizi hapo, utakuwa umeshika katika mazingira ya kawaida kabisa ya Usambara, na hakuna wilaya ya milimani itakayoweza kusema kwake haiwezekani.